Upepo Unatoka Kuria

Mume wangu alikuwa na ombi moja tu, na alilitoa siku ile hospitali ilipotuambia turudi nyumbani. Alitaka kufia kwa baba yake, upande wa Serengeti, si kwenye nyumba ya serikali niliyopewa mimi mwalimu huku Gorong'a. Alilisema kwa utulivu, kama mtu anayekumbusha kwamba chumvi imeisha. Mimi ndiye niliyelia, tena kwa sauti, mpaka muuguzi akanishika bega na kunitoa nje.

Mapafu yake yalikuwa yamekwisha. Ujana wake aliumalizia Kerende kwenye mashimo ya dhahabu ya wachimbaji wadogo, akiponda mawe bila hata kitambaa puani. Vumbi lile lilimwacha aoe, likamwacha awe fundi magari wa kutegemewa, ndipo likamkaba. Sasa alipumua kwa mashine: boksi jeupe lenye ukubwa wa ndoo, linanguruma mchana kutwa na usiku kucha, linachuja oksijeni kutoka hewani na kumpelekea puani kwa mrija. Mashine hiyo inataka umeme muda wote. Na umeme wa kwetu hukatika unapojisikia kukatika, bila kuuliza nani anapumua kwa ajili yake.

Ndiyo sababu tulihamia kwenye gari. Lilikuwa la mzungu mmoja mzee aliyezunguka nalo mbugani, likamfia Tarime, mume wangu akalifufua mara tatu. Mara ya nne mzungu alichoka. Akapanda ndege kurudi kwao, akamwachia fundi wake funguo na kadi ya gari. Ni gari-nyumba: kitanda nyuma, jiko la gesi, meza ya kukunja, na choo ambacho wanafunzi wangu walipanga foleni kukitazama. Juu ya paa lina sola, chini ya kitanda lina betri mbili kubwa. Humo mashine haikuwahi kuzimika. Tuliliegesha uani, tukalala ndani yake miezi saba, na nyumba ya serikali nikaiachia kuku.

Ila gari hilo nalo lina ugonjwa wake. Limekwenda juu sana, kuta zake ni nyepesi, na upepo ukilipiga ubavuni linayumba mpaka usukani unataka kukutoka mikononi. Mimi ni mtu wa Singida. Nimekua nikila vumbi la upepo, na niliolewa huku nikiamini hakuna mtu wa Mara wa kunifundisha habari za upepo. Siku mume wangu aliponipa usukani kwa mara ya kwanza, nusura nituingize kwenye zizi la ng'ombe la watu. Alicheka mpaka akakohoa, na hicho ndicho kikohozi cha kwanza ninachokikumbuka.

Baada ya siku hiyo alilifungia gari shokapu ya usukani. Si zile shokapu za kubeba uzito. Hii inalala chini kwa mbele, mwisho mmoja umeshikwa kwenye fremu, mwisho wa pili kwenye ule mtaimbo unaounganisha magurudumu mawili ya mbele. Ina springi kubwa, na kazi yake ni ubishi: gurudumu likitaka kwenda pembeni, yenyewe inalirudisha katikati. Mume wangu hakuridhika na hapo, maana fundi haridhiki. Pale shokapu inaposhika mtaimbo aliweka klampu ya nati mbili. Ukizilegeza, unaisogeza klampu kidogo, kushoto au kulia, kisha unakaza tena. Hapo ile katikati yenyewe inahama. Upepo ukitoka kushoto, wewe unalipatia gari tabia ya kuvutia kushoto. Basi gari na upepo vinasukumana vyenyewe, na wewe dereva unakwenda umenyooka bila kuumia mabega.

Alinilaza chini ya gari na kunionyesha. Alichora mstari mweupe wa rangi katikati ya mtaimbo, na mistari mingine miwili, mmoja kila upande, upana wa kidole.

"Upepo unakotoka, huko huko ndiko unakoisogeza," aliniambia. "Usije ukakosea, mwalimu. Ukikosea utakuwa unausaidia upepo."

Baba mkwe alikuja mwenyewe kumchukua mwanawe. Mkewe alikwishafariki, na watoto wengine wako mbali. Nilimwamkia shikamoo nikiwa nimeinama nyuma ya mlango, naye akaitikia akiwa ametazama mti. Ndivyo inavyotakiwa. Wakurya wana kitu wanachokiita insoni. Ni heshima na ni aibu kwa pamoja, na kati ya mkamwana na baba mkwe ni ukuta. Simtazami usoni. Simpi kitu mkono kwa mkono. Nikiwa na la kumwambia, namtuma mume wangu. Kama hayupo, nauambia ukuta, na mzee anaujibu ukuta. Kwa miaka minane ya ndoa sikuwahi kumwuliza jambo moja kwa moja, wala kumwomba arudie alichosema. Kumwomba mkwe arudie ni kumwambia kwamba hajui kuongea. Mwanzoni desturi hiyo ilinichekesha, baadaye ikanikera, halafu nikaizoea hata nikaipenda, maana inakuokoa na maneno mengi.

Na kuongea kwake kulikuwa kwa r. L kwake haikuwepo kabisa. Hilo si la mzee peke yake, ni la wengi huku, na mimi mwalimu wa Kiswahili nimelipiga vita tangu siku niliyoripoti kazini. Wanafunzi wangu huandika "kurara", huandika "chakura", huniandikia barua za kuomba ruhusa zinazoanza na "Mwarimu mpendwa". Kalamu zangu nyekundu zote zimeishia hapo. Mume wangu alijitahidi, ila akitaka kunichokoza usiku alikuwa akivuta shuka na kusema, "Wewe lala, mimi narara."

Tuliondoka asubuhi. Mume wangu kitandani, mashine kwenye rafu juu ya kichwa chake, mzee kwenye kiti pembeni yake, na pazia la kitenge kati yao na mimi. Nililifurahia pazia lile. Mkamwana kumwendesha baba mkwe ndani ya gari moja ni jambo ambalo watu wangeliongea mwezi mzima. Na pazia likiwepo, angalau ukuta upo.

Asubuhi hiyo upepo ulitoka kushoto kwetu, upande wa Kenya, kule wanakokaa Wakurya wenzao wa ng'ambo ya mpaka. Huku mtu akisema Kuria, anamaanisha huko. Kabla ya kuwasha gari niliingia chini na spana, nikaisogeza klampu mpaka kwenye mstari wa kushoto, nikakaza. Gari likateremka limetulia. Tulipita Kerende, tukapita malundo ya vifusi na vijana weupe kwa vumbi, na nyuma ya pazia nikasikia mume wangu akimwambia baba yake kitu kwa Kikurya. Kisha akaniita kwa sauti ndogo.

"Fundi nani kaifunga hiyo?"

"Mimi," nikasema.

"Umeiweka vizuri."

Hayo yalikuwa maneno yake ya mwisho kwangu. Kufika daraja la Mto Mara alikuwa amechoka, macho nusu, kifua kinapanda na kushuka kama cha mtu aliyekimbia. Nilisimamisha gari bondeni. Ndani ya bonde hapakuwa na upepo, majani ya miti yalikuwa yametulia kabisa. Lakini nilijua kwamba tukishavuka na kupanda, tunaingia uwanda mtupu, na barabara mpya imepandishwa juu ya tuta refu lisilo na kitu pembeni. Jua lilikuwa limepinda. Nilitaka kujua kama niiache klampu ilipo.

Mtu wa kumwuliza alikuwa mmoja. Mzee alizaliwa kwenye uwanda ule na amechunga ng'ombe pale tangu utoto. Anaujua upepo wake saa kwa saa. Mtu wa kunipelekea swali alikuwa anapigania pumzi. Basi nikasimama nje, nikaupa mgongo mlango wa gari, nikauambia mto.

"Sijui huko juu upepo unatokea wapi saa hizi."

Halafu nikamsikia akimwambia mwanawe, ambaye hakuwa anasikia, "Mura, mwambie mwarimu. Ukivuka mto, upepo unatoka kuria."

Kuria. Nikaona sawa kabisa. Asubuhi ulitoka huko, na sasa unatoka huko huko; mzee ananithibitishia. Kitu kidogo kikanigusa, siwezi kusema hakikunigusa. Nilijiuliza kwa nini ametumia maneno "ukivuka mto", kana kwamba kuna kitakachobadilika. Kama angekuwa baba yangu wa Singida ningegeuka na kusema, unasemaje, baba? Nikageuza kichwa nusu, nikaviona viatu vyake kwenye ngazi ya gari, nikakumbuka mimi ni nani kwake. Nikaingia chini na spana. Kwa kuwa huko juu ni uwanda mtupu na upepo ungekuwa mkali zaidi, niliisogeza klampu kupita mstari wa kushoto, kidole kingine kizima. Nikakaza nati zote mbili kwa nguvu zangu zote, nikajisifu.

Kwenye mlima gari lilivuta kushoto, nikalishikilia, nikasema ngoja tufike juu upepo uje ulisukume. Tulitokeza juu ya tuta. Mbele kulikuwa na anga nyeusi, na nyasi za uwanda mzima zilikuwa zimelala. Zilikuwa zimelalia kushoto.

Huwa najiambia kwamba nilikuwa na muda. Nilikuwa na muda wa kuziona nyasi zimelalia upande gani, na nilizitazama bila kuzielewa, kama mwanafunzi anayelitazama jibu ubaoni. Upepo ulikuja kutoka magharibi, upande wa ziwa. Ulitupiga ubavu wa kulia kama mtu aliyetusukuma kwa bega. Nilikata usukani kwenda kulia, na ile shokapu, kwa ubishi wake wote, ikaniuma mikono ikirudisha kushoto, kwenye katikati niliyoipa mimi. Nilivuta kwa mikono miwili. Nilisimama kabisa kwenye kiti nikivuta. Gari likashuka tuta kwa upande, polepole, kwa heshima zote, likajilaza kwenye mfereji.

Kulia. Alisema kulia. Neno lilinijia hapo hapo, gari likiwa bado linateleza, na nilipiga ukelele ambao mzee alidhani ni wa kuumia.

Hakuna aliyeumia. Natamani ningekuwa nimeumia. Nilipanda nyuma kwa kupita juu ya viti, nikararua pazia. Mume wangu alikuwa ameegemea ukuta, ambao sasa ulikuwa sakafu, na baba yake amemshika kwapani akimwinua ili kifua kisikunjike. Mashine ilikuwa imeanguka kutoka kwenye rafu, imepasuka pembeni, kimya. Nilikuwa sijausikia ukimya wa mashine ile kwa miezi saba. Nilibonyeza swichi. Nikachomoa waya, nikachomeka, nikabonyeza. Nikaipiga kofi. Nikaipigia magoti na kuiomba kwa jina la Mungu, nikaitukana, nikabonyeza tena. Betri zilikuwa zima, taa ya dari ilikuwa inawaka vizuri tu. Kilichokufa ni kile kimoja tulichokihitaji.

Nilipiga simu kila mahali. Waliopokea walisema wanakuja, na walikuwa wakweli, ila aliyekuwa karibu zaidi alihitaji saa nzima. Nilipanda barabarani nikapunga kitenge. Pikipiki moja ilisimama. Kijana akatazama ndani, akavua kofia, akasema mgonjwa huyu hawezi kukaa kwenye pikipiki. Nikamfukuza kwa matusi. Hakuwa amekosea chochote.

Niliporudi ndani midomo yake ilikuwa na rangi ambayo nilifundishwa kuiogopa. Nilimshika miguu, maana upande wa kichwa alikuwapo baba yake, na hata saa hiyo, Mungu anisamehe, sikuthubutu kusogea nikakaa bega kwa bega na mzee. Kutoka pale hadi kwao ni mwendo ambao watoto wanautembea kwenda shule. Kupitia dirisha lililokuwa limeangalia juu niliona mawingu tu.

Alifungua macho. Akamwuliza baba yake, kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie, "Tata, tumefika?"

Mzee ndiye aliyejibu.

"Tumefika, mura. Uko kwako. Rara."

Nami nikawa nimemshika miguu, nikihesabu pumzi zake, mpaka nikakosa za kuhesabu.

Watu walikuja na trekta jioni, wakatuvuta. Gari liliwaka kwa mara moja. Kabla sijaliendesha niliingia chini, nikairudisha klampu kwenye mstari wa katikati, spana ikinidondokea usoni. Mzee alikaa nyuma na mwanawe. Nililiendesha mpaka kwao bila pazia, na sikutazama nyuma.

Langoni wazee wa ukoo walikuwa wamesimama. Habari ilikuwa imeshatutangulia. Kwao mtu aliyefia njiani haingizwi moja kwa moja kama mwenye mji. Kuna mambo yao ya kufanya kwanza, huko nje ya uzio, na yanachukua muda, na wakati huo maiti inakaa nje kama mgeni. Nilijua hilo. Lilikuwa ndilo jambo lenyewe alilolikimbia alipoomba kuletwa. Nilibaki nimeshika usukani wa gari lililozimwa, nikiwaza kwamba nimemnyima hata hilo.

Mzee alishuka. Mzee mwenzake akamwuliza kijana amefia wapi, na kwa kuwa mtendaji wa kijiji, mgeni kama mimi, alikuwa pale, waliongea Kiswahili.

"Amefia nyumbani kwa mke wake," alisema baba mkwe.

"Tumesikia ni barabarani."

"Nyumba irikuwa barabarani. Ina kitanda, ina jiko, ina mrango wa kufunga. Mke wake ndimo anamopikia miezi saba. Mnataka nyumba ya namna gani?"

Walilizunguka gari. Mmoja akafungua mlango, akachungulia jiko langu, sufuria zangu zilizomwagika, kitanda. Nje ya mlango wenye tope wakaongea kidogo kwa Kikurya. Kisha wakafungua lango lote, na gari likaingia mpaka katikati ya mji na mume wangu akiwa ndani, kama mtu anayerudi kazini.

Tulimzika siku ya tatu. Walimu wenzangu walikuja, na baada ya kaburi kufunikwa watu wakakaa, ikaulizwa kama inavyoulizwa, ilikuwaje. Mimi nilikuwa nimekaa chini na wanawake, nimejifunika. Baba mkwe alisimama. Hakunitazama.

"Msimwulize mwarimu," alisema. "Kosa ni rangu. Mimi ndiye ninayeujua ure upepo. Niripaswa kumwambia unatoka kuria, na nirisema, rakini nirisema chini chini, na mtoto arikuwa mgonjwa. Hakumfikishia. Ningesema kwa sauti tungefika."

Wazee wote walitikisa vichwa. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kuria ipi. Walimu wenzangu nao walielewa, na hao ni watu wa Kagera na Dodoma. Kwangu ilikuwa ni kusimama tu. Ilikuwa ni kusema, baba, ulisema, nilikusikia vizuri, mimi ndiye niliyekaza nati upande ule kwa mkono wangu. Sentensi moja, na mzee yule angelala usiku huo.

Niliinamisha kichwa nikavuta kitenge kufunika uso. Nyuma yangu mwanamke mmoja akamwambia mwenzake kwamba mwalimu huyu, ingawa si wa kabila letu, ana insoni kweli kweli.